Namna ya Kuchagua Sedani ya Umeme Ambayo Umeshaichagua

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye hela ya sedani ya umeme na asiye na haraka ya kufika popote. Aliyepungukiwa na sifa ya kwanza asome tu, kutazama hakulipiwi. Mwenye haraka ya kweli asipoteze muda hapa, bodaboda ziko nje.

Tushike mfano mmoja tusije tukatangatanga. BYD ya China inatengeneza sedani iitwayo Seal. Tangu Juni 2024 inauzwa Japani ikiwa na usukani kulia, na chochote kinachouzwa Japani kikiwa na usukani kulia, siku yake ya kushuka bandarini Dar es Salaam inahesabika. Inakuja kwa namna mbili. Ile ya watu wazima ina mota moja nyuma, kilowati 230, na inafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 5.9. Ile ya mbio imeongezewa mota ya pili mbele, jumla kilowati 390, yaani nguvu za farasi 530, nayo inafika hapo kwa sekunde 3.8. Betri ni ileile ya kilowati-saa 82.5. Milango ni ileile minne na buti ni lilelile la lita 400. Hata kasi ya mwisho hazipishani: kilomita 180 kwa saa, zote mbili. Huko Japani, ile ya mbio ilizinduliwa ikiizidi mwenzake kwa yeni 770,000, kabla TRA hawajatia mkono wao wa kodi. Kwa fedha hiyo unapata sekunde mbili na ushei, kilo zaidi ya 100 za ziada, na kazi ya kueleza.

Kosa kubwa la wanunuzi ni kuanza na mahitaji. Mtu akikaa na kalamu akaandika kwamba ana watoto watatu, mama mkwe anayekuja kila Pasaka na shamba Kisarawe lenye njia ya tope, hatamaliza ukurasa kabla hajanunua Toyota Noah. Mahitaji ni adui wa gari zuri. Wewe anza na video. Zitazame usiku, watu wakiwa wamelala: kijana ameshika usukani, abiria anapiga yowe, shingo inarudi nyuma, kicheko. Ukifika ya kumi huna tena swali kuhusu gari. Kilichobaki ni kutafuta sababu, na hapo ndipo ushauri wangu unapoanza kukufaa.

Sababu inayoheshimika kuliko zote ni usalama. Sema unataka nguvu ya kulipita lori. Hakuna mzee atakayekubishia, kwa kuwa kila mzee aliwahi kubanwa nyuma ya semitrela Chalinze. Usiongeze neno, maana ukiongeza utaulizwa kuhusu ile ya mota moja, na jibu lake litakuumbua. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu linapoanza kusogea. Haingojei injini ipande wala gia ibadilishwe. Ndiyo maana hata hiyo ya watu wazima inalipita lori kabla dereva wake hajakuona kwenye kioo. Toyota IST uliyoizoea haikufika kilomita 100 kwa sekunde 5.9 hata siku ile iliposhuka mlima Kitonga breki zikinuka.

Sasa tupige hesabu ya barabara, kwani sekunde hazitumiki hewani. Gari linalotoka sifuri hadi 100 kwa sekunde 3.8 linakula kama mita 53 za lami. Halafu, kwa kuwa mbele yako lazima kuna mtu, unahitaji mita nyingine karibu 40 za kusimama. Jumla ni mita 90 na kitu, tupu, zisizo na tuta, bajaji, mbuzi wala muuza maji. Fikiria mahali hapo pako wapi. Bagamoyo Road saa kumi na moja jioni haina mita tisa. Mitaa ya ndani ina matuta ambayo wananchi wamejijengea wenyewe bila kumsumbua mhandisi yeyote, na tumbo la Seal liko sentimita 12 hivi kutoka chini, huku betri, kitu ghali kuliko vyote, ikiwa imelala humohumo tumboni. Tuta la Tabata haliulizi una mota ngapi. Unalipanda kimshazari, taratibu, umekunja uso, watoto wa mtaani wakikuelekeza: njoo, njoo, kata kushoto, basi.

Utasema utasubiri safari ya mkoani. Vizuri. Kutoka Dar hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi, na njia nzima imeshonwa vibao vya 50. Kibao kinaanza mahali ambapo hujaona hata nyumba, na chini ya mwembe kuna afande na tochi yake ya kupima kasi. Kosa moja ni shilingi 30,000. Iweke kichwani namba hiyo, kwa sababu kwa tarifa ya kawaida ya majumbani uniti moja ya umeme inakaribia shilingi 360 pamoja na kodi, hivyo kuijaza betri yako kutoka sifuri ni 30,000 nayo. Kila tochi, betri moja. Na reli ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000, kwenye treni ya umeme inayofika kilomita 160 kwa saa bila kumwogopa mtu. Anayetaka kwenda Dodoma kwa umeme, kwa kasi na kihalali, jibu lake liko stesheni. Tatizo la treni ni moja tu, huwezi kuiegesha nje ya baa ili watu waione.

Kwa haki, hao wenye tochi wanakutunzia chaji. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo gari la umeme linalotembea 50 na 80 hula kidogo kuliko lile linalokimbizwa 120. Vipimo vya Ulaya vinaipa ya mota moja kilomita 570 kwa chaji moja, ya mota mbili 520. Ukilindwa na trafiki kuanzia Kibaha hadi Dodoma, huenda ukafika na akiba. Sijawahi kusikia mtu akiwashukuru.

Nyumbani kuna jambo zito kuliko farasi 530, nalo ni Luku, mita yako ya umeme. Soketi ya kawaida ya ukutani inatoa kilowati mbili na ushei. Kwa mwendo huo betri tupu inataka siku moja na nusu: unachomeka Ijumaa usiku, unachomoa Jumapili asubuhi ukielekea kanisani. Gari lenyewe, kwa toleo la Ulaya, linaweza kuvuta kilowati 11, ila hizo zinahitaji umeme wa njia tatu, na fundi atakayekuja kuzivuta atatazama waya wako wa zamani, ataguna, kisha atataja bei akiangalia gari. Na kama mita yako iko kwenye ile tarifa ndogo, uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja, ujue kujaza betri mara moja tu kumeshamaliza mgao wa mwezi na kuupita. Utahamishiwa kwa wakubwa. Bibi aliyezoea kununua umeme wa elfu mbili atataka maelezo, na hapo habari za mota ya mbele hazitakusaidia.

Mpangaji katika nyumba ya mita moja ana mtihani wake. Nyumba hizo zina katiba isiyoandikwa: mwenye friji anaongeza elfu tano, mwenye pasi anasemwa, mwenye jiko la umeme anahamishwa. Sasa wewe unashusha waya mnene dirishani, umepita juu ya kamba ya nguo, umeingia ubavuni mwa sedani inayong'aa. Jirani yako, Mama Jose, ataukagua waya huo kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kaka, hilo gari nalo tunalihesabu kama friji?"

Hesabu ya kweli usimwambie. Friji la kawaida linakula kama uniti moja kwa siku, kwa hiyo ukijaza betri mara moja umeendesha friji lake karibu miezi mitatu. Mwambie, "Dada, hii Luku ya mwezi huu niachieni mimi," kisha nenda kalipe kabla hajaanza kuuliza majirani. Utapata nafasi ya kujisafisha umeme utakapokatika. Seal inaweza kutoa umeme nje, ukachomeka vifaa vya nyumbani, na kama ukikatika dakika ya sitini Simba na Yanga wakiwa sare, wewe ndiye baba wa ua. Televisheni inawaka, feni inazunguka, Mama Jose anakuletea kiti. Huduma hiyo iko kwenye gari la mota moja vilevile. Kuwasha televisheni hakuna sekunde 3.8.

Wenzetu wa mbali wamelifikisha suala hili mahali ambapo mwandishi wa kejeli anakosa kazi. Porsche wana Taycan Turbo GT, na ukiichukua kwa toleo la Weissach inafika kilomita 100 kwa sekunde 2.2. Ili kupunguza uzito wameondoa viti vya nyuma. Sedani ya milango minne, viti viwili. Kwa mtu mwenye ndugu wengi, hilo ndilo gari linalokataa ombi la lifti kabla halijatolewa. Mercedes nao walitangaza Marekani, Novemba 2022, kwamba mwenye EQE au EQS anaweza kulipa dola 1,200 kwa mwaka afunguliwe nguvu ambazo tayari zimo ndani ya gari alilolinunua. Ni kifurushi, sawa na vile vya intaneti: farasi wako wamo humo, wamefungiwa, kikiisha wanarudi zizini. Kisha wakaja Xiaomi, ambao wengi tunawajua kwa simu. SU7 Ultra yao ina nguvu za farasi 1,548. Mei 2025 walileta sasisho la programu lililozishusha hadi kama 900 mpaka dereva athibitishe uwezo wake kwenye uwanja wa mbio. Wenye magari walipiga kelele, kampuni ikarudi nyuma. Kwenye foleni ya Beijing farasi 900 na farasi 1,548 husimama kwenye taa moja, lakini hilo halikuwapoza.

Usidhani nawasifia wanaochagua ya mota moja. Hao wana ugonjwa wao, na kwa kuwa ni wa busara hauna dawa. Mtu anatoka Mbezi kwenda Posta na kurudi, kilomita 50 kwa wingi, halafu anakusimamisha kwenye harusi kukueleza kwamba gari lake linatembea 570. Amezima kiyoyozi mwezi wa pili ili kuokoa asilimia tatu. Anafika ofisini shati limemganda mgongoni, asilimia 88 kwenye kioo, uso wa ushindi. Dodoma hajawahi kwenda nalo na hana mpango wa kwenda. Huyu na yule wa sekunde 3.8 wamelipia safari ambazo hawataenda, tofauti ni kwamba mmoja anajisifu kwa sauti ya chini. Ukinibana niseme, nitasema ya mota moja inatosha na inabaki. Lakini hukuja kwangu kutafuta kinachotosha.

Limebaki suala la beji. Nyuma ya gari la mota mbili kuna herufi za chuma: 3.8S. Waliozibandika hawakufikiria ndoa.

"Baba Aisha, hiyo tatu nukta nane pale nyuma ni nini?"

"Ni toleo tu, mama."

"Toleo la nini?"

"La usalama. Linavuta kwa magurudumu yote manne. Hata kwenye tope."

"Kwa hiyo Kisarawe tutakwenda nalo."

"Hapana, ile njia italikwaruza."

"La Baba Kelvin mbona halina?"

"Lile ni la kawaida."

"Lilikuwa bei gani?"

Hapa wanaume wengi hujikwaa kwa kutaja namba. Usitaje. Mama Aisha atagawa yeni 770,000 kwa sekunde mbili na kidogo, atakuletea bei ya sekunde moja, na bei hiyo utaisikia kila ada ya shule inapodaiwa. Kaa kimya, mpe ufunguo. Subiri Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, mwelekeze Daraja la Tanzanite, kilomita moja ya lami juu ya maji, hakuna tuta. Mwambie akanyage kidogo tu. Atakanyaga kidogo, kisha atanyamaza, kisha atakanyaga kwa mguu wote, na kilemba kitahamia kiti cha nyuma.

Akisema, "Geuza, tupite tena," suala la beji limekwisha. Afande atakayewasimamisha upande wa Coco Beach mpe leseni kwa heshima, na elfu thelathini yake iandike kwenye daftari la matumizi ya nyumbani, safu ya umeme.