Sisi Zikizidi

Ukubwa wa injini ya gari hupimwa kwa sentimita za ujazo, ambazo mafundi na madalali wa Dar es Salaam huziita kwa ufupi "sisi", na ni nadra lugha kufanya kejeli nzuri kama hiyo, kwa kuwa sisi zinapozidi, anayelipia mafuta hubaki yeye peke yake. Jambo hilo halimwingii mnunuzi akilini awapo yadi, ambako hukagua rangi, hupiga matairi kwa ncha ya kiatu kana kwamba yatamjibu, kisha huchagua gari la sisi 3000 kwa hoja kwamba shemeji zake watakuja kuliona. Gari la sisi 1000 huliita kibajaji.

Elimu huanzia sheli, jina ambalo Watanzania hukipa kituo chochote cha mafuta, bango lake liseme lisemavyo. Petroli ya nchi huja kwa meli na hulipiwa kwa dola, hivyo vita vya mbali hufika hadi Mbagala kupitia bei kikomo, yaani kiwango ambacho muuzaji haruhusiwi kukivuka, kinachotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Agosti 2022, miezi michache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, lita moja jijini ilivuka shilingi 3,400, na magari mengi makubwa yakaanza kushinda chini ya turubai, yakisubiri harusi na misiba.

Mwenye gari asiyekubali kuliuza huacha kusema "jaza" na kuanza kusema "weka ya elfu kumi", ambayo kwa bei ile haikufika lita 3, na taa ya manjano ya mafuta, iliyobuniwa iwe onyo, hugeuka kuwa pambo la kudumu la dashibodi. Gari linapozimika katikati ya foleni ya Ubungo, bwana huyo hushuka na suti yake, hufungua boneti na kuikazia injini macho kama fundi, kwani afadhali wapita njia waamini kuwa gari ni bovu kuliko wajue kuwa halina mafuta. Anayesimama kumsaidia, mara nyingi, ni jirani mwenye kibajaji.

Siku hizi kidumu kitupu cha lita 5 hukaa kwenye buti la gari la bwana huyo, kimefunikwa kwa taulo.