Heko, Fondanti

Wenye ndimi nyepesi wanasema fondanti ni plastiki iliyotiwa sukari. Waacheni. Mimi naipa heko zake hadharani, maana kati ya vyote vinavyopanda meza ya sherehe hapa Dar es Salaam, hakuna kingine kinachotolewa jasho kiasi hicho ili kisiliwe. Pilau hugombaniwa, na hata kachumbari haikosi wake. Fondanti hubanduliwa kwa ncha ya uma, ikawekwa ukingoni mwa sahani, nayo hainung'uniki. Nani mwingine ana staha ya namna hiyo?

Nasaba yake haina makuu: sukari ya unga, jelatini, glukosi na gliserini kidogo, vikakandwa mpaka vikawa donge la kusukumwa kwa kifimbo cha chapati. Lakini atokee mtoto anayetaka keki ya sayari kwenye siku yake ya kuzaliwa, hapo donge hilo linapanda cheo, linakuwa mwalimu wa sayansi.

Huanza na somo la unyevu. Sukari hufyonza maji ya hewani, na hewa ya Dar mwezi Machi ina maji ya kugawa. Sayari zilizokauka vizuri asubuhi, adhuhuri zinanata vidoleni. Mwokaji akitaharuki, anazikimbiza kwenye friji, na huko ndiko kwenye mtego. Zikitoka tu, joto la sebuleni linakutana na uso wa baridi, mvuke unageuka matone, na Mirihi inaanza kuchuruzika maji mekundu hadi kwenye trei. Kumbukeni kwamba NASA imetuma mitambo kwenda huko miaka nenda rudi kutafuta dalili za maji. Fondanti inayatoa kwa dakika chache, bila roketi.

Kisha inakuja Zohali. Pete zake halisi zina upana wa mamia ya maelfu ya kilomita, ilhali unene wake kwa sehemu kubwa haufiki hata kilomita 1. Pete ya fondanti ukiikata nyembamba hivyo, inalegea na kuning'inia mbele ya wageni. Mafundi huichanganya na unga wa CMC ili ikaze, na kuiacha ikauke siku mbili tatu kabla. Tena Zohali ya kweli ina uzito mdogo kuliko maji ya ujazo uleule. Ya fondanti inazama kwenye krimu ya siagi taratibu, kwa heshima zake zote.

Wakosoaji watasema vipimo si sahihi. Kweli. Dunia ikiwa na kipenyo cha sentimita 1, Jua linataka zaidi ya mita 1, na liwekwe umbali wa mita 117 hivi, yaani nje ya ukumbi, pengine ng'ambo ya barabara, kwa muuza mishikaki. Fondanti imeukusanya mfumo mzima kwenye trei moja ili pasiwe na ugomvi na majirani. Pluto nayo, kwa udogo wake, ndiyo hudondoka kwanza bajaji ikiruka tuta. Wanaastronomia walichelewa mpaka mwaka 2006 kuitoa kwenye orodha ya sayari.

Sijagusa anga. Weusi wa anga hautaki rangi ya kubahatisha, hutaka rangi ya chakula ya kutosha mpaka mikono ya mwokaji ishuhudie. Wageni nao hurudi nyumbani na ndimi nyeusi, hivyo aliyeapa kwamba hakuonja fondanti anaumbuka pale pale getini.

Kwa hiyo, wazazi, keki ya namna hii ikiletwa, risala zifupishwe. Piga picha, imba, kata. MC akitaka kusema neno, aseme Mirihi ikiwa imeshaliwa.