Shikamoo Chini ya Baiskeli

Mke wangu ndiye aliyenipa ushauri ule, na simlaumu, maana huwa anasoma ninayoyaandika. "Baba watoto," aliniambia, "huko barabarani utakuja kuletwa kwenye turubai. Si upite pembeni, wanakopita watu?"

Alikuwa na hoja. Wiki ile daladala ilinipita karibu mno hata konda akanipiga kofi la begani, bila ubaya wowote, kunijulisha tu kwamba amenipita. Na baiskeli yangu si ya kukimbia hatari. Ni Phoenix niliyoirithi kwa marehemu baba: nzito, haina gia, breki zake za vyuma ukizibana leo zinakamata kesho. Kilicho kizima ni kengele.

Basi Jumatatu asubuhi nikapanda njia ya miguu pale Manzese. Mradi wa mwendokasi, ambao mabasi yake yalianza kubeba abiria Mei 2016, ulituachia kando ya Barabara ya Morogoro njia ya waenda kwa miguu na sehemu ya baiskeli pia. Hiyo ya baiskeli niliikuta ina wapangaji. Bodaboda wanangoja abiria, mama wa mihogo na karai lake la mafuta yanayochemka, viatu vya mtumba vimepangwa vya kushoto vitupu, vya kulia vimefichwa ili mwizi asipate jozi. Nikahamia kwa waenda kwa miguu.

Kengele niliyoitegemea ndiyo ikaanza kuniponza. Mkazi wa Dar ukimpigia honi anajua la kufanya. Ukimpigia kengele, anasimama kwanza, anageuka akuone, halafu anarukia upande uleule uliokuwa umeuchagua wewe. Wakiwa watatu ni balaa zaidi: mmoja anakwenda kushoto, mwingine kulia, wa katikati anabaki kuwashangaa wenzake. Mtoto mmoja alinikimbilia na sarafu ya shilingi mia mkononi, akijua aiskrimu imefika. Nilipompita bila kusimama alilia kwa uchungu ambao bado naukumbuka.

Kilichonitisha lakini ni mimi mwenyewe. Barabarani mimi ni dagaa. Huku, kabla sijafika Magomeni, nilikuwa nimeshageuka papa. Mama mwenye kichanga mgongoni alinitazama kwa jicho lile ninalowatazamia madereva wa daladala, nami, Mungu anisamehe, nikajisikia nikimwambia: "Pisha, mama, pisha!" Sauti ilikuwa ya konda kabisa. Papo hapo bodaboda akanijia kwa nyuma, juu ya njia hiyohiyo ya miguu, akapiga honi na kufoka: "Mzee, pembeni! Hapa si pa baiskeli!"

Baada ya Magomeni Mapipa njia inateremka kuelekea Jangwani. Mtu akitembea haraka huenda kama kilomita 5 kwa saa. Phoenix ikionja mteremko inafika 20 bila kukuuliza. Mwendo huo unakula zaidi ya mita tano kila sekunde, na kwenye mita tano za njia ya miguu ya Dar panatosha kijiwe kizima cha kahawa.

Kilikuwa chini ya mwarobaini. Benchi mbili, dele juu ya jiko la mkaa, sahani ya kashata, na wazee wanne wameinamia ubao wa drafti wakicheza kwa vizibo vya soda. Nikabana breki. Zikalia, hazikukamata. Nilipopiga kengele, wazee hawakuinua hata vichwa, kwani mmoja wao alikuwa karibu kula kete tatu kwa mpigo.

Dele nililikwepa, nalishukuru hilo hadi leo. Ubao sikuuweza. Vizibo viliruka kama kumbikumbi kwenye taa, nami nikalala katikati yao, usukani kifuani na tairi la nyuma likiendelea kuzunguka. Sikujua la kusema. Likanitoka la malezi: "Shikamooni, wazee."

"Marahaba," wakaitika wote wanne, ndipo mmoja akauliza kama nimeumia.

Goti lilikuwa linatoka damu, ila hiyo haikuwa kesi. Kesi ilikuwa mchezo. Mzee mmoja aliapa kwamba alikuwa na kingi mbili na ushindi mkononi. Mpinzani wake, aliyeonekana kuipokea ajali ile kwa shukrani, alisema hakuna anayekumbuka kete zilikaaje, kwa hiyo waanze upya. Wakabishana kama dakika kumi nikiwa bado nimekaa chini. Mwishowe nikahukumiwa kulipia kahawa ya kijiwe kizima na kuokota vizibo vyote, kimoja kimoja, hadi mtaroni.

Siku hizi nikifika pale nashuka, naikokota baiskeli, naamkia. Yule mzee huitika vizuri, kisha hunikumbusha mbele ya watu kwamba kahawa ilikuwa faini tu. Zile kingi mbili bado ananidai.