Kunguru Hatozwi Ada ya Taka

Sabuni ya unga haigusi. Unaweza kuiacha wazi uani, ukaenda sokoni ukarudi, ukaikuta vilevile. Kunguru wa mtaa wetu anataka sabuni ya kipande, tena ya kuogea, ile yenye harufu nzuri, na anapenda kuichukua ikiwa imeshalowa, wakati wewe uko ndani ya bafu la nje umefumba macho kwa sababu ya povu. Unapapasa ukutani pale ulipoiweka. Unapapasa tena. Unafumbua jicho moja linalowaka, na juu ya ukuta yuko yeye, shingo ya kijivu, kichwa amekilaza upande kama karani wa benki anayekuambia sahihi yako haifanani. Halafu huyo, kaenda zake.

Nyumba tunayopanga iko Dar es Salaam, ni nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani pana choo, bafu, koki moja na mwarobaini mkubwa. Wapangaji tunabadilika, kunguru hawabadiliki. Mpangaji mpya huingia na taratibu zake za huko alikotoka, anaanika dagaa mkekani, anaacha mayai kwenye bakuli dirishani, na sisi wa zamani tunakaa kimya tukimtazama. Mjini shule, na hakuna anayetaka kumkatizia mwenzake somo. Kuna mmoja alifika mpaka kwa mama mwenye nyumba kushtaki.

"Shikamoo mama. Mama, kijiko changu kimechukuliwa na ndege."

"Marahaba mwanangu. Kodi ya mwezi huu vipi?"

Kesi ikaishia hapo.

Lakini tuseme haki: ndege huyu hakujileta. Aliitwa. Miaka ya 1890, Waingereza walipokwisha kuiweka Zanzibar chini ya himaya yao, waliutazama mji na taka zake wakaona dawa iko Bara Hindi, kwa kunguru wanaojilia mabaki katika miji ya kule. Wakaletwa. Kwa hiyo huyu anayetuhangaisha ni mtumishi wa serikali wa siku nyingi, idara ya usafi, aliyeajiriwa bila mkataba wala umri wa kustaafu, na mshahara ajilipe mwenyewe papo hapo. Nani kati yetu angekataa kazi ya namna hiyo?

Haikupita miaka thelathini wakubwa wakawa wanatafuta namna ya kumwachisha kazi. Alikuwa ameshahamia kwenye mayai ya watu, vifaranga vya watu, na makinda ya ndege aliowakuta. Nadhani barua ya kumwachisha ilimfikia, ila akaijengea kiota.

Kutoka Unguja akavuka kuja bara, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa Mombasa. Safari zake ni za meli. Anatua mlingotini kwenye bandari moja, anakula makombo ya mabaharia njia nzima, anashukia bandari nyingine. Mwaka 1994 wawili walionekana Hoek van Holland, kule Uholanzi, na baridi yote ile hawakurudi. Walitaga na kulea. Nina ndugu yangu aliyeomba viza ya Ulaya akapeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, picha za harusi na cheti cha ubatizo cha mtoto, akanyimwa. Hawa hawakuulizwa hata kabila. Waholanzi walikuja kushtuka miaka mingi baadaye wakaamua kuwaondoa, lakini wageni walikuwa wameshazaa wajukuu.

Kuna ile methali ya kunguru mwoga kukimbiza ubawa wake. Wazee walioitunga walikuwa na kunguru mwingine, yule wa asili, mkubwa, mwenye kifua cheupe, anayetembea kwa heshima zake. Huyo nakubali, ni mwoga kweli. Siku hizi kumwona katika miji ya pwani ni bahati, mgeni amemsukuma pembeni, na nahisi aliondoka na methali yake. Shorewanda, chozi na mnana nao wamekuwa wa kuhesabu. Mwarobaini wetu (ambao asili yake ni huko huko India) unasifiwa kwa kutibu maradhi arobaini, na ndani yake hakuna kiota hata kimoja cha ndege mwingine. Kule kwao kunguru ana wa kumpunguzia kiburi: kuna ndege aitwaye koeli, hutaga mayai yake ndani ya kiota cha kunguru akaenda kuimba, na kunguru akabaki kumlisha mtoto wa kusingiziwa mpaka aote manyoya. Walioagiza kunguru hawakumwagiza koeli. Ndiyo manunuzi ya serikali tangu enzi hizo, gari linafika bila spea.

Jirani yangu wa chumba cha mbele anapika chapati za kuuza, na vita vyake na kunguru vinastahili kutazamwa kwa utulivu, ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Chapati zake anazifunika kwa kawa alilosukiwa na mama yake, la ukindu, lenye milia ya zambarau na kijani, kawa ambalo limewahi kufunika sinia za harusi za watu wenye majina. Wanakuja wawili. Wa kwanza anatua mbele yake, karibu kabisa na jiko, anarukaruka kidogo kisha anaachama tu, bila kugusa kitu. Jirani anamrushia mwiko. Hapo ndipo wa pili, aliyekuwa amejibanza nyuma ya ndoo, anapoingiza mdomo chini ya ukingo wa kawa, analinyanyua, na kuivuta chapati ya juu mpaka sakafuni. Hana papara. Anaikanyaga kwa mguu mmoja, anaikunja, anaing'ata pale kwenye mkunjo, ndipo anapaa. Jirani anasema kinachomuuma si ile chapati, ni kule kukunja.

Nilijaribu kumliwaza. Nikamwambia chapati nayo ilitoka India, huenda mwenzetu anafuata chakula cha kwao. Hakunijibu, ila tangu siku ile nikawa sikopeshwi chapati.

Msimu wa kutaga ndio wa taabu hasa. Kiota chao hakina ushairi wowote: vijiti kidogo, na vilivyobaki ni nyaya za ujenzi, vipande vya antena na henga za nguo. Unaanika shati kwenye henga asubuhi, jioni unaliokota chini ya kamba likiwa na vumbi, henga imeshapanda mtini kushika boriti. Msimu mmoja kinda alianguka karibu na koki. Paka wa mama mwenye nyumba alikuwa ameshamwona na anajinyoosha kwa mahesabu. Nikaingiwa na huruma, nikamwokota kinda, nikampandisha juu ya ukuta. Basi. Wazazi wake walichokiona ni mwanamume mzima ameshika mtoto wao, na kwa kunguru shtaka hilo halina dhamana.

Tangu hapo nikawa sitoki nje kwa amani. Hawakupigi usoni; wanasubiri ugeuke, unasikia upepo wa bawa, kisha kitu kigumu kinagonga kisogo. Mama mwenye nyumba alipita, watoto walipita, hata yule paka alipita, kimya. Nikichungulia mimi mlangoni, mwarobaini wote unapiga kelele.

Mpwa wangu anayesoma chuo akaja na simu yake na maelezo. Kule Seattle kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Washington, John Marzluff. Mwaka 2006 yeye na wenzake walivaa kinyago cha mtu wa mapangoni, wakakamata kunguru wachache, wakawavisha vipete miguuni, wakawaachia. Baada ya hapo kila aliyepita eneo lile na kinyago hicho alizomewa na kushambuliwa, na kadiri miaka ilivyokwenda wazomeaji waliongezeka, hata wale ambao hawakuwahi kukamatwa. Ili kulinganisha, walivaa pia kinyago cha Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani wa wakati huo. Kunguru hawakuwa na neno naye. Enzi hizo za vita vya Iraki, sidhani kama Cheney alikuwa anapita mahali pengi kimya namna hiyo.

"Kwa hiyo mjomba," akamaliza mpwa wangu, "tatizo si ndege. Tatizo ni sura."

Sura tukaishughulikia. Barakoa za wakati wa korona zilikuwa bado kabatini. Kijana wa bodaboda aliniazima helmeti yenye kioo cheusi, nikaongeza koti la mvua mpaka magotini. Alfajiri nikafungua mlango wa uani taratibu, nikanyata kuelekea geti la nyuma. Juu ya mti, kimya. Mmoja alinitazama, akaendelea kujichokonoa manyoya. Elimu ni kitu kizuri, nikawaza, na hapo hapo nikasikia sauti ya jirani wa chapati:

"Mwizi!"

Neno hilo mjini halisubiri ushahidi. Milango ilifunguka mfululizo. Jirani alikuwa mbele na mwiko uliotoka kwenye mafuta ya moto, nyuma yake mtu na mchi, nyuma yake mtu na kandambili moja. Nikavua helmeti kwa mkono mmoja na barakoa kwa mwingine, huku nikimwita kila mama aliyeshika silaha kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wakanitambua, wakasimama. Na sekunde ileile sura ilipotoka hadharani, kunguru nao wakanitambua. Nilipigwa kisogoni mbele ya mkutano mzima, na wa kwanza kucheka alikuwa yule mwenye mchi.

Kelele zile zilimleta mjumbe wa shina, mzee wa watu, amevaa msuli na koti la suti. Alipoambiwa kisa akaitisha kikao Jumapili. Ajenda ilikuwa moja: kunguru. Wapo waliotaka sumu. Mjumbe akasema sumu si ngeni, kuna ile inayowekwa kwenye nyama, ndege anakula leo na kwenda kufia mbali baada ya saa nyingi. Kuna na vizimba vya waya vya kuwanasia, ndani unamtanguliza kunguru mmoja hai ili wenzake wamfuate. Zanzibar waliwapunguza sana miaka ya 1990, juhudi zilipolegea wakajaa upya. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza nia ya kuwaondoa milioni moja kule pwani kwao.

"Milioni moja wanakula nini?" akauliza mama mwenye nyumba.

Kikao kikawa kizito. Kila mmoja wetu alikuwa anajua kiroba chake kilipo. Gari la taka likichelewa, na huchelewa, viroba hujipanga ukutani kwa nyuma, vichwa vya samaki na maganda na nepi, na ada ya taka ikidaiwa kila mtu husema alishampa mwenzake. Baada ya kukohoakohoa sana tukachanga, tukanunua pipa la chuma lenye mfuniko mnene. Kunguru walilizunguka, wakaligongagonga, na kusema kweli kwa muda mfupi uani palipoa. Jirani alifikia kuniuzia chapati kwa mkopo.

Kisha mfuniko ukapotea.

Mjumbe alirudi na daftari lake. Ulikuwa mfuniko wa kuinuliwa na watu wawili. Si kitu cha kuingia mfukoni. Akauliza mlango kwa mlango, hakuna aliyeona. Mwisho akafika kwa fundi wa kuchomelea, chumba cha mwisho kulia.

"Ni kunguru hao, mzee," alisema fundi, bila kuinua macho kutoka kwenye jiko jipya la mkaa, zito, zuri, alilokuwa analimalizia miguu.

Mjumbe akalitazama jiko kwa muda, akauliza bei. Kisha akalowesha ncha ya kalamu mdomoni, akaandika: kunguru.