Jinsi ya Kuifundisha Kompyuta Kupiga Hodi

Mkoani Mara mtu haingii kwa watu bila hodi. Anasimama nje, anaita, anangoja aambiwe karibu. Kompyuta haikupata malezi hayo. Unajaza fomu ya mkopo wa masomo, kwenye kona ya skrini inachomoza hali ya hewa, kisha ndoa ya mwigizaji wa Marekani, kisha programu uliyoifungua mara moja mwaka juzi inataka kujua mbona umeisahau. Hakuna aliyealikwa. Wote wanatoka leo.

Anza na wale wasioonekana, kwa sababu hao ndio walaji wakubwa. Tuseme una steshenari Barabara ya Mukendo, Musoma, na kompyuta inapata intaneti kwa hotspoti ya simu yako. Umenunua bando asubuhi, na kabla saa sita haijafika limekata. Usimfokee kijana wa dukani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia sehemu ya mtandao, tafuta matumizi ya data. Utaona jina la kila programu na kiasi ilichokula ndani ya siku 30. Huenda ukakuta OneDrive imekuwa ikipandisha picha za harusi ya binamu yako, moja baada ya nyingine, huku wewe ukiamini kompyuta imetulia.

Sasa fungua sifa za hiyo hotspoti na uweke alama kwamba muunganisho huo unapimwa. Windows itaelewa kwamba hapa kila megabaiti inalipiwa: itaahirisha kupakua apdeti nyingi, na baadhi ya programu zitapunguza ulaji. Kisha pita kwenye mipangilio ya apdeti, pale inaporuhusiwa kompyuta yako kugawana mafaili ya apdeti na kompyuta nyingine. Ukikuta ruhusa imefika mpaka kwa kompyuta za intaneti nzima, izime. Watu wa Mara ni wakarimu, lakini mtu wa Brazil ajinunulie bando lake.

Ukimaliza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kuna orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Mashine ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4 haiwezi kubeba umati huo. Zima zote usizozihitaji asubuhi. Programu ya kuzuia virusi iache.

Wageni wabaya zaidi huingia kupitia kivinjari, na hapa nasema kwa uchungu, kwa kuwa wanaoumia ni watu waliokuja kuchapa cheti tu. Siku ya mechi ya Simba na Yanga mtu anatafuta tovuti ya kuangalia bure. Tovuti inamwambia abonyeze kuruhusu ndipo picha ionekane. Anabonyeza. Mechi haionekani, na kuanzia siku hiyo kompyuta inapiga kelele kwamba ina virusi vitano, lipa sasa, pakua dawa hii. Tovuti ameshaifunga, lakini arifa zinaendelea kuja, maana ruhusa ilibaki kwenye kivinjari. Mara nyingi hakuna kirusi chochote. Usilipe, usipakue, usipige namba iliyoandikwa pale. Kwenye Chrome, ingia mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa. Futa kila jina usilolijua, halafu chagua tovuti zisiruhusiwe hata kuomba. Kazi ya dakika mbili, na kompyuta nyingi zingeepuka kupelekwa kwa fundi.

Bunda, shida huonekana ukutani. Afisa ugani anawaonyesha wakulima wa pamba picha ya funza wa vitumba, kwa projekta, watu wametulia. Ghafla juu ya funza unatokea ujumbe wa WhatsApp: “Mwenye nyumba amekuja tena, nimwambie nini?” Ukumbi mzima una maoni. Katika Windows 11, sehemu ya arifa ina swichi ya kutosumbuliwa, na chini yake unaweza kuagiza ijiwashe yenyewe skrini inaponakiliwa kwenye projekta. Weka alama hapo kabla ya kutoka nyumbani.

Butiama nina ombi moja kwa walimu wanaotunga mitihani jioni. Mwalimu Nyerere alirudi kuishi kijijini hapo baada ya kuacha urais mwaka 1985, na mwaka 1996 zikachapishwa tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume. Kupanga mizani na vina kwa maelfu ya mistari kunataka kichwa kisichokatizwa. Mtihani mzuri wa kidato cha nne nao unakitaka. Kwa hiyo ratibu saa za kutosumbuliwa, tuseme saa moja hadi saa tatu usiku, na kwenye orodha ya arifa zinazopewa kipaumbele acha kalenda na simu zinazoingia, ili anayekutafuta kwa dharura umsikie. Kundi la sherehe litakusubiri.

Mgeni mmoja msimfukuze: apdeti za usalama. Windows 11 inakuruhusu kuzisitisha hadi wiki 5. Tumia nafasi hiyo kungoja bando la usiku au vaifai ya ofisini, kisha uziruhusu zishuke. Wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Na ninyi wenye steshenari, kuanzia Mwigobero hadi stendi ya Bunda: kabla ya kufunga duka, ondoeni akaunti za wateja kwenye kivinjari na mfute ruhusa zote za arifa zilizotolewa siku hiyo. Barua pepe ya mteja wa jana isichomoze mbele ya mteja wa leo.