Wigi la Agassi Ndani ya Basi la Moshi

Mpaka ninavyoandika haya, kuna abiria wa basi zima wanaoamini kwamba nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kwa kazi moja tu: kumcheka mama wa watu kwa sababu ya wigi.

Aliyeniponza ni Andre Agassi. Desemba mabasi ya kwenda Kilimanjaro hujaa Wachagga, magunia ya mchele, na watoto waliolala kwenye mapaja yasiyo ya mama zao. Simu huisha chaji kabla ya Korogwe. Kwa hiyo nilipita kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta kutafuta cha kusoma likizo. Riwaya sitaki, maana riwaya inataka nikumbuke nani alimuua nani, na mimi likizo sikumbuki hata niliweka wapi ndala. Nataka mtu maarufu, ikiwezekana tajiri, anieleze alivyoaibika. Mezani palikuwa na watatu. Wayne Rooney alitoa chake mwaka 2006 akiwa na miaka 20, umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunawaeleza wazazi tulivyofeli Hesabu. Cha Prince Harry kina habari ya baridi ya Ncha ya Kaskazini na kiungo ambacho siwezi kukitaja mbele ya abiria mwenzangu. Nikachukua Agassi, nikiamini kwamba tenisi ni mchezo wa heshima.

Kitabu chenyewe kinaitwa Open, kilitoka mwaka 2009, na ndani yake kuna habari ya wigi ambayo nashangaa haifundishwi vyuo vikuu. Mwaka 1990 Agassi alikuwa na miaka 20 na zile nywele ndefu za kimanjano zilizokuwa maarufu kuliko mkono wake wa kulia. Kumbe zilikuwa zinamtoka, na sehemu kubwa ya ule utukufu ilikuwa wigi. Anaingia fainali ya mashindano ya Ufaransa, ya kwanza kwake katika yale makubwa manne. Usiku wa kuamkia siku hiyo anaoga, na wigi linaanza kuachana mikononi mwake. Anadhani alipaka dawa ya nywele isiyo yake. Anamwita kaka yake, Philly. Fikiria ndugu wawili, usiku, Paris, wanahangaika na vibanio vya nywele. Kesho yake anaingia uwanjani, na dua yake si kushinda. Anaomba wigi lisianguke. Kila mpira wa mbali ni hesabu ya mambo mawili: nikiukimbilia naweza kupata pointi, nikiukimbilia naweza kubaki na kipara mbele ya televisheni za dunia nzima. Mpinzani wake, Andrés Gómez wa Ekwado, alikuwa na miaka 30, hakuwa na mzigo kama huo kichwani, na alishinda kwa seti tatu kwa moja.

Hapo ndipo nilipokuwa, tumeshaipita Chalinze, nikaangua kicheko cha mtu aliye peke yake.

Mama niliyekaa naye akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kuna nini?" Nilikuwa nimemwamkia Mbezi, tukagawana karanga, tukawa kama ndugu. Nikamsimulia. Lakini hadithi ya wigi haisimuliwi kwa mdomo mtupu. Nikashika kichwa kwa mikono yote miwili, nikainama nikiufuata mpira wa chini, nikarudi nyuma kwa hofu, nikasema kwa sauti iliyofika kwa dereva, "Yaani mtu mzima, anaomba wigi lisianguke!" Nilipoinua macho ndipo nilipoona walichokiona wenzangu wote tangu stendi: jeusi tii, kishungi kinagusa nyusi, linang'aa upya wa dukani. La sikukuu.

Konda aliyekuwa mlangoni akalitazama, akanitazama. "Kaka, mbona unamsema mama?" Siti za kati wakauliza wigi la nani limeanguka. Habari ilipofika siti ya nyuma kabisa, nilikuwa nimelivuta mimi. Na barabara ile ina matuta kila kijiji. Kila basi liliporuka tuta, watu wa upande wa pili waligeuka kumtazama mama kichwani, wakaridhika, kisha wakanitazama mimi kama mtu aliyebahatika kwa mara nyingine.

Mama mwenyewe hakukasirika, jambo lililozidi kunimaliza. Alisema tu, "Huyo alikosa gundi nzuri. Angekuja Kariakoo." Kisha akanyoosha mkono: "Hebu lete hicho kitabu."

Nikampa. Ungefanya nini? Akavaa miwani, akafungua kurasa za mwisho. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na walimu wa aina yake huanzia kitabu nyuma, mahali ambapo mwandishi amechoka kujificha. Hatujafika Segera akainua kidole. "Huyu hajaandika mwenyewe."

Nikamwambia jina lake hilo hapo juu, na picha yake. "Aliishia darasa la ngapi?" Nikasema aliacha shule darasa la tisa la kwao. "Mimi nimesahihisha insha za wanaofika huko," akasema, na kunionyesha ukurasa wa shukrani. Humo Agassi anamtaja J.R. Moehringer na kueleza kwamba alitaka jina la Moehringer liwe jaladani, Moehringer mwenyewe akakataa.

Sasa hapa naomba univumilie, kwa sababu jambo hili limenikosesha usingizi kuliko aibu yenyewe. Moehringer ni mwandishi wa magazeti aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 2000. Agassi alisoma kitabu alichoandika huyu bwana juu ya maisha yake mwenyewe, akakipenda, akamtafuta. Bwana akahamia Las Vegas, mji wa Agassi, wakakaa saa na saa na kinasa sauti katikati yao. Kazi hii ina ujanja wake. Siku za kwanza nyota husema yale aliyozoea kuwaambia waandishi wa habari, maneno laini yaliyokwisha chakaa, na mwandishi wa kukodiwa huitikia kwa adabu huku akijua hatayatumia. Anasubiri nyota achoke. Anauliza chumba kilikuwa na harufu gani, nani alikuwa wa kwanza kunyamaza. Ndipo wigi linatoka. Kisha anaketi peke yake na lundo la maneno na kuyapa sauti ambayo msomaji ataapa ni ya mchezaji. Open yote imeandikwa kwa wakati uliopo, bila alama za kunukuu, na mimi mpumbavu nilimsifia mcheza tenisi. Na nilikuwa nimekaribia kuununua mkono uleule mara mbili: kitabu cha Harry, kilichouza nakala zaidi ya milioni 1.4 siku ya kwanza Uingereza, Marekani na Kanada mwezi Januari 2023, ni cha Moehringer huyohuyo.

Mambo yakiharibika, sauti hiyo ya kuazima humrudia mwenyewe. Roy Keane wa Manchester United, kwenye kitabu cha mwaka 2002 alichoandikiwa na Eamon Dunphy, alionekana kukiri kwamba ile rafu ya mwaka 2001 kwa Alf-Inge Haaland, baba yake Erling, ilikuwa ya makusudi, kisasi cha tangu 1997. Chama cha soka cha Uingereza kikamfungia mechi tano na kumtoza pauni 150,000, na utetezi wake ukawa kwamba maneno yale ni ya Dunphy. Charles Barkley wa mpira wa kikapu aliwazidi wote: alilalamika kwamba amenukuliwa vibaya ndani ya kitabu cha maisha yake mwenyewe.

Pale njia panda ya Segera, inapokatia barabara ya Tanga, mama alifunga kitabu kwa kidole. "Shaaban Robert alitoka huko," akasema. "Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, na jina lake akaliweka wazi."

Maneno hayo yameniuma kuliko ya konda. Siti, binti wa Fumba aliyeuza vyungu, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu, alipata mtu wa kumwandika, kwa Kiswahili, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1958. Hata Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla hajafa mwaka 1905. Marais wetu wamejitahidi, Mkapa mwaka 2019 kwa Kiingereza na Mwinyi mwaka 2021 kwa Kiswahili, lakini rais si wa kusoma likizo. Ukimsoma unakaa wima. Wanamichezo wako wapi? Najua Usain Bolt alikula vipande vya kuku kama 100 kwa siku kule Beijing mwaka 2008, kwa sababu amenieleza kitabuni. Juu ya John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, nimepewa sentensi moja ya kizalendo tangu nikiwa mtoto, basi. Nani alimfunga ile bendeji? Alikula nini usiku ule? Nilimwuliza yule muuza vitabu wa Posta, akanisogezea Rooney tena. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule, na kisichoulizwa kwenye mtihani hukiona hasara kabla hakijapigwa chapa. Mambo ya wachezaji wetu husimuliwa mara moja redioni asubuhi, kati ya tangazo la sabuni na tangazo la mkopo, yakaishia hapo. Hili silichekei.

Mama alishuka Mwanga na kitabu changu. Cha Bolt nilikiazima kwa shemeji, nikakisomea jikoni, ndizi zikaungua.

Kwa hiyo Mbwana Samatta, kama bado hujaanza: tarehe 1 Machi 2020 uliruka Wembley, ukawafunga Manchester City kwa kichwa kwenye fainali, mkapoteza 2–1. Nataka kujua nani alikuwa wa kwanza kusema neno kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na alisema nini. Tafuta mtu mwenye kinasa sauti na subira. Mwandike kwa Kiswahili, na jina lake liwekwe jaladani.