Asifiwe Mwamba Ngoma

Chombo cha habari chenye upande hakina wakili. Mtangazaji ambaye chama chake kinajulikana kabla hajafungua mdomo hutukanwa na wasomi, hutukanwa na mahakimu wa mitandaoni, na hutukanwa hata na wanasiasa, mpaka siku watakapoalikwa studio kwake. Leo nimejitolea kumsemea. Waswahili walishasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sidhani walikuwa wanalaumu. Walieleza tu jinsi ngoma inavyowambwa. Ushahidi wangu nitautoa Marekani, ambako fani hii imekomaa hadi kuingizwa soko la hisa.

Anayesifiwa huanziwa na ukoo wake. Mwaka 1791, taifa lile likiwa bado changa, Waziri wa Mambo ya Nje Thomas Jefferson alimwajiri mshairi Philip Freneau kuwa karani wa tafsiri kwa dola 250 kwa mwaka. Kazi haikuwa nyingi. Muda uliobaki Freneau aliutumia kuchapisha National Gazette, gazeti lililomshambulia Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa serikali hiyohiyo, bila kumsaza Rais Washington mwenyewe. Hamilton naye hakuwa yatima: alikuwa na John Fenno na Gazette of the United States, lililonawiri kwa kazi za uchapaji za serikali. Mchana mabwana wale wawili walikaa katika baraza moja la mawaziri. Magazetini walirushiana matope kwa mikono ya watu wengine. Chawa wa leo asijione mgeni mjini. Ana mababu, na mababu walikuwa kwenye malipo ya serikali.

Kutokuwa na upande ndiko kulikokuja baadaye, tena kwa mlango wa dukani. Mwaka 1833 Benjamin Day alianza kuuza New York Sun kwa senti moja, wakati magazeti ya wakubwa yaliuzwa senti sita. Kwa bei hiyo huishi kwa kuuza nakala, unaishi kwa matangazo, na muuza sabuni hajali mnunuzi wake kampigia nani kura. Mwaka 1846 magazeti ya New York yakaanza kuchangiana gharama za kupata habari, ndipo ilipozaliwa Associated Press, na habari moja ikabidi iwatoshe wahariri wa vyama vyote. Kwa hiyo tusihubiriwe usafi wa moyo. Ilikuwa hesabu ya biashara, na televisheni ya kebo ilipoingia hesabu ikageuka. Enzi za ABC, CBS na NBC, vituo vitatu viligawana taifa zima na kila kimoja kiliogopa kumuudhi mtu. Vituo vilipokuwa makumi kwa makumi, kimoja kiliweza kutajirika kwa watu milioni mbili tatu, mradi wasibanduke.

Wapo wanaodai mambo yaliharibika mwaka 1987, Tume ya Mawasiliano ilipofuta kanuni ya 1949 iliyowataka wenye leseni za redio na televisheni wazipe nafasi pande zote za suala lenye ubishi. Kwa redio, nakubali: mwaka uliofuata Rush Limbaugh alianza kusikika nchi nzima. Lakini kanuni ile ilitungwa kwa ajili ya wenye leseni za masafa, si kwa kebo. MSNBC ilianza Julai 1996, Fox News ikafuata Oktoba, chini ya Roger Ailes, mtu aliyewahi kuwafunda Nixon, Reagan na Bush baba namna ya kupendeza kwenye televisheni. Kwa miaka mingi Fox ilijinadi kuwa inatoa habari kwa haki na usawa. Mtu mwenye staha hapachiki kadi ya chama mlangoni.

Na tazama upole wake kwa mtazamaji. Kituo chenye upande hakikutoi jasho. Hukumu unaijua kabla ya habari. Habari yenyewe unaifuata ukiwa umetulia, kama kuna muda. Mpinzani unaletewa akiwa amepunguzwa makali. Fox ilikuwa na kipindi cha watu wawili, Sean Hannity wa mrengo wa kulia na Alan Colmes wa kushoto, na kwa miaka 12 mtazamaji alihakikishiwa kila usiku kwamba upinzani upo, una jina, una kiti, na umeshindwa tena. Januari 2009 Colmes aliondoka. Kipindi kikaendelea kwa jina la Hannity peke yake, na wenyeji hawakuhitaji kuelezwa kilichopungua.

Upande wa pili nao usionewe. Una adabu zake. CNN ilikuwa imemkataza mtangazaji wake Chris Cuomo kumhoji kaka yake Andrew, gavana wa New York kwa tiketi ya Democratic. Korona ilipoingia mwaka 2020 katazo likalegezwa, na udugu ni kufaana, si kufanana. Jioni moja ya Mei, Chris alichomoa studio kijiti cha pamba cha kupimia virusi, kikubwa cha kupindukia, akamtania gavana kwamba pua yake ingehitaji cha ukubwa ule. Watazamaji walicheka, nao walistahili kucheka. Ulikuwa mwaka mzito. Miezi ile wazee walikuwa wakifa katika nyumba za kulelea za jimbo hilo. Januari 2021 ripoti ya mwanasheria mkuu wa jimbo ilionyesha kuwa vifo vyao vilikuwa vimepunguzwa katika hesabu za serikali ya gavana. Baadaye mwaka huo ilibainika pia jinsi Chris alivyomsaidia kaka yake kukabili tuhuma za kudhalilisha wanawake, na CNN ikamfukuza. Wao huita hilo mgongano wa maslahi. Shangazi yangu angeliita malezi.

Lakini sifa kubwa kuliko zote ni utii, na utii wa nani? Wengi hudhani ni kwa mwenye kituo au kwa chama. Usiku wa tarehe 3 Novemba 2020, dawati la uchaguzi la Fox lilitangaza kabla ya vituo vingine kwamba Joe Biden ameshinda Arizona. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, Biden alikuwa mbele kwa kura zipatazo 10,500. Kwa mizani ya shule za uandishi, dawati lile lilipaswa kupewa tuzo. Watazamaji walikasirika, wakalaani, na wengine wakahamia kituo cha Newsmax, ambako Trump alikuwa bado hajashindwa. Ndani ya Fox hofu ikaingia. Mtangazaji Tucker Carlson aliwaandikia wenzake akitaka mwandishi wa kituo hichohicho afukuzwe, kosa lake likiwa kuusahihisha uvumi wa Trump kwenye Twitter, na akakumbusha kwamba bei ya hisa inashuka. Januari 2021 Chris Stirewalt, mmoja wa waliolitetea hadharani tangazo la Arizona, alipunguzwa kazini.

Aliyekuwa akitoa amri hapo ni mteja. Mteja alitaka kusikia kwamba mashine za kura za kampuni ya Dominion ziliiba ushindi, naye akapakuliwa. Sean Hannity alikuja kusema kwa kiapo kwamba hakuamini madai hayo hata sekunde moja, na ujumbe wa faraghani uliofichuliwa mahakamani ulionyesha wenzake wakimcheka wakili aliyeyaeneza. Ukarimu ulioje huu, kumwandalia mgeni chakula ambacho mwenyewe huwezi kukitia mdomoni! Tarehe 18 Aprili 2023 huko Delaware, kesi ikiwa tayari kuanza kusikilizwa, Fox ilikubali kuilipa Dominion dola milioni 787.5.

Hata kwetu utii una hatari zake. Agosti 2021 gazeti la Uhuru, mali ya CCM, liliandika kwamba Rais Samia hana wazo la kuwania urais 2025, na serikali ya CCM ikalifungia siku 14. Kusifu nako kunahitaji kuhakiki.

Anayedhani tiba ni kuondoa upande awaulize Washington Post. Oktoba 2024 mmiliki wake, Jeff Bezos, alizuia gazeti lisimuunge mkono mgombea yeyote wa urais, ilhali kuunga mkono ni desturi ambayo lilikuwa limeishika karibu kila uchaguzi tangu 1976. Ndani ya siku chache zaidi ya watu 250,000 walisitisha malipo yao ya usomaji. Wengi walishuku kwamba tajiri anamwogopa Trump, na shaka yao haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo jambo moja linabaki: watazamaji wa kulia waliadhibu kituo kwa kusema kilichotokea, wasomaji wa kushoto wakaadhibu gazeti kwa kutosema walichotaka, na kila upande ukalala ukiwa na hakika kwamba kipofu ni jirani.

Gallup, inayowauliza Wamarekani kama wanaviamini vyombo vyao vya habari, ilipata asilimia 72 ya waliosema ndiyo mwaka 1976. Mwaka 2025 walikuwa asilimia 28. Wapinzani wa mteja wangu huitaja takwimu hiyo kama hati ya mashtaka. Mimi naiona kama ushahidi wa unyenyekevu: haombi kuaminiwa, anaomba tu usibadilishe stesheni. Na hawabadilishi. Novemba 2024, mwaka mmoja na nusu baada ya Fox kulipa fedha zile za Dominion, kituo kilichotazamwa kuliko vyote Marekani usiku wa uchaguzi kilikuwa Fox News, chenye watazamaji zaidi ya milioni 10.